Mstari wa Kumi na Saba

Daftari langu lina waya mgongoni na harufu ya petroli.
Naandika kwa penseli. Wino huchuruzika jasho likidondoka,
na barabara za Mbarara hubadilika kila mvua:
jana jiwe lilikuwa kulia, leo liko katikati,
kesho mtu ameshalichukua akajengee choo.

Nuwagaba ana miaka kumi na tisa.
Magazeti ya Kampala yamekwisha kumwita nyota chipukizi.
Nimeshawasomea ramani vijana watatu walioitwa hivyo:
mmoja sasa anauza vipuri Katwe,
mmoja kaoa, mkwewe kamkataza,
mmoja simtaji.

Jumamosi alfajiri, Biharwe, ukungu umelalia migomba.
Watu wamekalia kingo za barabara tangu usiku,
wana bushera kwenye chupa za soda, wana redio,
wana watoto mabegani.
Ssebuliba fundi anapiga teke tairi moja baada ya jingine,
la nne mara mbili.
Nuwagaba hasemi. Anatafuna kijiti.
Mkono wake juu ya gia umetulia
kama wa mkamuaji anayejua ng'ombe hatamnyima.

Tano. Nne. Tatu.

Kulia tano, mia moja, juu ya kilima, ruka,
kushoto nne inakaza, usikate, jiwe ndani,
daraja, nyembamba, nyembamba, sabini,
kulia tatu penye kisima...

Humo ndani hakuna hofu. Hofu ni ya wenye nafasi.
Kuna sauti yako mwenyewe inayokutangulia
kona moja mbele ya mwili,
na kijana huyu anaivaa sauti hiyo
kama shati gizani, bila kukosea kifungo.
Wale watatu walinisikia.
Huyu hunisikiliza.

Kisha mstari wa kumi na saba:
kushoto sita, wazi, mia mbili. Legeza. Mtoto.

Barabara imenyooka pale. Hata mpumbavu angekanyaga mafuta.
Mtoto hayupo.
Mwaka juzi alikuwepo, na dumu la njano kichwani,
akavuka kwa sababu nyumbani kwao ni ng'ambo,
na dereva wangu alikuwa yule nisiyemtaja.
Mtoto alifika ng'ambo. Dumu halikumwagika.
Garini tulikuwa wawili, nikatoka mmoja.

Nuwagaba akalegeza.
Injini ikashusha pumzi, nami nikaona
shati la bluu limeanikwa uani, mbuzi wa mtu, kichuguu,
vitu ambavyo kwa kasi ile huwa havipo.
Akakanyaga tena.

Jioni, Kakyeka, wakabandika muda ukutani.
Wa pili. Tumepitwa kwa sekunde isiyotimia.
Aliyetupita ni Nangobi, binti wa Jinja,
ishirini na mmoja, kofia ya chuma kwapani, anacheka
hadi ufizi; naye wanamwita nyota,
na nilivyomwona kwenye matope ya Rubindi, hawajakosea.
Wenye magari wakamzunguka wetu kwa maneno yaleyale:
mwaka kesho, umri unao,
kuna mdhamini wa Nairobi ameulizia jina lako.

Alinikuta nimekaa juu ya tairi bovu, nala chapati baridi.
"Mama Daftari," akasema, ndivyo waniitavyo,
"pale kwenye kumi na saba. Ulimwona mtu?"
Sikumwona mtu.
"Basi futa."

Kifutio ninacho, nimekifunga kwa uzi kwenye waya.
Nikainama, nikasugua mbele ya macho yake, taratibu,
nikapuliza vijipande vya mpira vikaruka.
Akaitikia kwa kichwa, akaenda kumsaidia Ssebuliba kupakia jeki,
anapiga mluzi, mabega mapana, shingo bado ya mtoto.

Nilifuta wa kumi na nane.
Kulia mbili, miiba, breki mapema, usiamini kivuli.
Ule naujua kwa ghibu.